Si Kidole Tumbo

Matroni alimrudisha Wendy nyumbani Jumanne, katikati ya muhula wa pili, akiwa amejikunja nyuma ya bodaboda na begi la vitabu amelikumbatia tumboni. Barua ya shule ilikuwa fupi: maumivu ya tumbo, apumzike siku tatu.

Babake, Gibson, alikuwa shambani akisimamisha tena ua ambao ndovu walikuwa wameulaza Jumamosi. Alimwona bintiye akishuka kwa shida, akaacha nyundo chini.

"Umekuwaje?"

"Tumbo, baba."

"Maharage ya shule hayo. Ingia ulale. Mamako akija atakupima."

Mamake, Everlyne, alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa na nyumba mia moja na kitu hapo Mbololo ambazo alizitembelea kwa zamu, na begi alilopewa na kaunti lenye kipimo cha presha, kipimajoto na mizani ya watoto. Watu walimwita daktari. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, siku hizi aliitika tu. Saa ile Wendy anafika nyumbani, yeye alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa mbele ya wasichana ishirini na watatu wa darasa la kipaimara, akiwaeleza mambo ya ujana: mimba, magonjwa ya zinaa, kinga, na mahali pa kwenda ukipatwa na shida.

"Msione haya," aliwaambia. "Ukiwa na tatizo lolote, njoo kwangu. Mimi ni mama yenu."

Wasichana walitazama viatu vyao.

Aliporudi nyumbani alimkuta Wendy amelala chini ya blanketi mbili, anatetemeka. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa nukta mbili.

"Linauma wapi?"

"Chini."

"Kulia au kushoto?"

"Kote."

"Siku zako umeziona lini?"

"Mama!"

"Nakuuliza kama daktari."

"Wewe si daktari," Wendy alisema, akageukia ukuta.

Everlyne alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwekea mkono begani. "Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Hakuna."

"Kuna mvulana?"

"Nimesema hakuna."

Kwenye begi kulikuwa na vipimo vya mimba. Alimpa Wendy kikombe, akasubiri nje ya choo, kisha akakitia kipimo na kukishika dirishani, penye mwanga. Mstari mmoja. Alingoja dakika zote tano, akaongeza tano nyingine za kwake. Mstari ulibaki mmoja. Everlyne alimshukuru Mungu kwa sauti, peke yake jikoni.

Hapo ndipo alipoacha kutafuta. Kama si mimba, basi ni tumbo tu. Alimpa panadol na uji, akaenda kukamua mbuzi.

Jumatano homa ilishuka asubuhi, ikapanda mchana. Everlyne alimpigia simu Susan, muuguzi wa zahanati, rafiki yake wa miaka mingi. Walikuwa wakinywa chai pamoja kila Ijumaa baada ya kupeleka ripoti.

"Wendy yuko nyumbani, tumbo linamsumbua," alimwambia. "Nimepima mimba, hana. Nimpe nini?"

Susan aliuliza linauma juu au chini. Chini, Everlyne alijibu.

"Mlete nimwangalie," Susan alisema. Kisha, "Au hapana. Mpeleke Voi moja kwa moja."

"Voi? Kwa tumbo la kuumwa tu?"

"Mpeleke, Mama Wendy. Mpeleke tu."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Ni vile sisi hapa hatuna mashine ya picha."

Everlyne aliona rafiki yake anakuza mambo. Aliamua kusubiri mpaka siku tatu za matroni ziishe.

Alhamisi alfajiri Wendy alitapika maji ya kijani. Alipoguswa tumbo alipiga yowe lililomtoa Gibson bafuni na sabuni kichwani. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Midomo ilikuwa imekauka, na alipoulizwa leo ni siku gani alijibu kuwa kengele ya prepu ya usiku shuleni imelia.

Gibson alimbeba mgongoni mpaka barabarani, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, akiteleza kwenye mawe na kumwambia bintiye maneno ambayo alikuwa hajamwambia tangu alipokuwa mdogo. Phineas, mwenye kuendesha Probox ya abiria, aliwafungulia mlango, kisha akasita. Alitoa karatasi ya nailoni kwenye buti akaitandaza kwenye kiti.

"Samahani, mama," alimwambia Everlyne bila kumtazama. "Gari si langu."

Wendy akalazwa juu ya nailoni. Kila gari lilipopita kwenye shimo, nailoni ilichakarika naye akaguna.

*

Hospitalini Voi walimpokea kwenye machela. Aliyemwona kwanza alikuwa daktari kijana, mwanamke mwenye hijabu ya kijivu na jina Ridha kwenye kadi ya kifuani. Aliligusa tumbo mara moja tu, akaita dripu, akaita damu ipelekwe maabara, akamwuliza Everlyne bila kuinua kichwa:

"Ana umri gani?"

"Kumi na minane. Ametimiza Machi. Yuko Kidato cha Nne."

"Haya. Mama yangu, nakuomba utupishe kidogo. Nataka kuzungumza naye peke yake."

"Mimi ni mama yake."

"Naelewa."

"Na pia mimi ni wa afya." Everlyne alitoa kitambulisho chake cha kaunti, akakiinua. "Hakuna kitu ambacho siwezi kukisikia."

Ridha alikisoma kitambulisho, akakisoma kweli, jina na namba. "Vyema," alisema kwa upole. "Basi wewe utanielewa zaidi ya wengine. Tafadhali."

Muuguzi alivuta pazia. Everlyne alijikuta ukumbini, kitambulisho bado mkononi, na watu kwenye benchi wote wameona.

"Ee, daktari!" mama mmoja wa Mbololo aliita kutoka mwisho wa benchi. Ni mmoja wa wale aliowatembelea nyumbani, kwa ajili ya presha. "Leo umetuletea mgonjwa gani?"

"Ni msichana wangu."

"Maskini! Ana nini?"

Everlyne alifungua mdomo. Alikuwa amezoea kujibu swali hilo, juu ya watu wote, nyumba kwa nyumba. "Kidole tumbo," alisema.

"Pole! Hicho hukatwa tu, kesho anaruka."

Gibson, aliyekuwa akirudi kutoka kuandikisha jina, alilisikia hilo akalishika. Kidole tumbo. Kilikuwa ni kitu mtu angeweza kukisema kwa simu. Alimpigia ndugu yake wa Mwatate, akampigia mwenyekiti wa baraza la kanisa, akampigia mwalimu mkuu. Ilipofika adhuhuri kanisa zima lilikuwa likikiombea kidole tumbo cha Wendy.

Baada ya nusu saa Ridha alitoka na fomu.

"Anaingia kupasuliwa sasa hivi," aliwaambia wote wawili. "Nimemweleza, ameelewa, na ametia sahihi. Usaha umejaa tumboni. Tukichelewa, tutampoteza."

"Usaha wa nini?" Everlyne aliuliza. "Umetoka wapi?"

"Hilo atakwambia mwenyewe akipenda."

"Mimi ndiye nitakayemuuguza, daktari! Mimi ndiye nitakayemfunga vidonda!"

"Na jinsi ya kumuuguza nitakuelekeza yote, hatua kwa hatua. Hilo sitakuficha hata kidogo." Ridha aliangalia saa yake. "Lakini maneno aliyoniambia pale ndani ni yake."

Gibson aliwatazama wanawake hao wawili kama mtu aliyekuta mazungumzo katikati. "Si ni kidole tumbo?" alisema.

Ridha alikuwa tayari anatembea.

*

Upasuaji ulichukua saa tatu. Usiku na siku nzima iliyofuata Wendy alilala tu, na mpira ukitoa uchafu ubavuni kuingia kwenye chupa. Jumamosi alfajiri alifungua macho, akili imemrudia. Everlyne alichovya kitambaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu akaanza kumpangusa, uso, shingo, mikono. Alipofika kiunoni Wendy alimshika mkono.

"Hapo nitajipangusa mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Najua, mama. Nitajipangusa mwenyewe."

Everlyne alimpa kitambaa, akageuka akatazama dirishani mpaka alipomaliza. Nje wanaume wawili walikuwa wakifagia majani. Wendy alianza kuzungumza akiwa nyuma yake, polepole, akipumzika baada ya kila maneno machache.

"Nilienda kwa Sister Susan. Aprili, tulipofunga shule."

Everlyne hakugeuka.

"Nilikuwa nimeona dalili. Nilijua ni nini. Nilisoma kwenye vile vitabu vyako vya semina, vya magonjwa ya zinaa, vyenye picha. Nilijua mpaka jina. Nikaenda asubuhi sana, kabla hakujawa na watu. Nikamwuliza, Sister, nikikuambia kitu utamwambia mama? Akacheka. Akasema, mimi na mamako tuna siri gani? Si tunakunywa chai kikombe kimoja?" Wendy alimeza mate. "Nikamwambia nimekuja kuchukua dawa ya minyoo."

"Halafu?"

"Akanipa ya minyoo."

Everlyne aligeuka sasa. Alivuta kiti, lakini hakuketi. "Na kwa nini hukuja kwangu? Kila siku nasema, njooni kwangu. Wewe uko ndani ya nyumba yangu, Wendy. Ungeniambia jikoni tu."

"Kwako?"

"Ndiyo, kwangu."

"Mshai alikuja kwako," Wendy alisema.

Mshai alikuwa mtoto wa jirani wa juu, aliyekaa dawati moja na Wendy tangu darasa la nne. Mwaka uliopita alimjia Everlyne nyuma ya jiko akiwa na aibu nyingi, akasema ana rafiki na hataki kuharibikiwa na shule. Everlyne alifanya kazi yake vizuri. Alimsikiliza, akampeleka zahanati, Mshai akawekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi. Jumapili ya pili, baada ya ibada, mama yake Mshai alimshika Everlyne mkono akamwuliza mbona mtoto siku hizi anavaa mikono mirefu juani. Everlyne alimwambia. Hakumwambia kwa ubaya. Alimwambia kama mzazi na mzazi mwenzake, huku akimpapasa bega. Jumatatu Mshai aliburutwa zahanati kijiti kikatolewe, akitukanwa mbele ya foleni nzima. Kabla ya mwaka kwisha tumbo lilikuwa limeonekana. Sasa alikuwa Ronge kwa nyanyake, ana mtoto wa miezi minne, na shule ilikuwa imebaki kuwa habari za watu wengine.

"Nilimwambia mamake tu," Everlyne alisema. "Si mtu mwingine yeyote."

"Mama, mamake ndiye Mshai hakutaka ajue."

"Niliogopa kwa ajili yake."

"Ulikuja ukatuambia mezani. Mimi na baba. Ukasema, afadhali nimemwokoa yule mtoto. Nilikuwa nakula sima. Nilishindwa kumeza." Machozi hayakutoka. Wendy alisema yote kwa sauti ile ile ya uchovu. "Kwa hivyo nilinunua dawa mwenyewe kwenye duka moja hapa mjini. Yule mtu wa dukani hakuniuliza kitu. Nilimeza siku tano nikapata nafuu, nikaacha. Muhula ukaanza. Halafu ikarudi."

Everlyne aliketi. Alitafuta neno la kusema, na maneno yote yaliyomjia yalikuwa yale ya ukumbi wa kanisa.

"Daktari amesema mrija mmoja wa uzazi wametoa," Wendy aliendelea. "Ule mwingine umeshikana. Amesema kupata mtoto itakuwa ngumu sana. Hakusema haiwezekani. Amesema ngumu sana."

"Ee Mungu wangu."

"Usimwambie baba."

*

Gibson alikuja Jumapili baada ya ibada, akiwa na suti yake ya kijani, na wanawake wawili wa kanisa waliobeba uji kwenye chupa. Waliimba ubeti mmoja kando ya kitanda, wakaomba, wakakitaja kidole tumbo kwa jina mara tatu ndani ya sala. Wendy alifumba macho. Mmoja wao aliinua kidogo ukingo wa shuka, kwa upendo tu, aone kidonda, na Everlyne akalishusha tena haraka kuliko ilivyohitajika. Wanawake waliangaliana.

Wageni walipoondoka Gibson alibaki. Alimwita mkewe ukumbini, karibu na mlango wa wodi.

"Nimeongea na mzee mmoja pale nje," alisema. "Mjukuu wake ametolewa kidole tumbo juzi, leo anarudi nyumbani. Amekatwa hapa, upande, kidogo tu. Huyu wetu amekatwa katikati, kutoka hapa mpaka hapa. Nimeona bandeji. Mama Wendy, mtoto ana nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemwuliza. Amegeukia ukuta. Sasa nakuuliza wewe. Unajua au hujui?"

Angeweza kusema hajui. Lilikuwa jibu rahisi, na Gibson angeliamini.

"Najua," alisema.

"Haya. Sema."

"Siwezi, Baba Wendy."

"Huwezi?" Sauti ya Gibson ilipanda, watu wa benchi wakageuka. "Wewe? Wewe uliyetuambia mezani presha ya katekista? Wewe uliyetuambia nani ana sukari, nani amepelekwa kupimwa kifua, bibi wa nani anameza dawa gani? Ni mtu gani Mbololo ana ugonjwa ambao sijausikia ndani ya nyumba yangu? Leo ni mtoto wangu, niliyembeba mgongoni, ndiyo umejifunza kunyamaza?"

Mama wa presha alikuwepo pale, kwenye benchi, amekuja kumwona jamaa yake aliyelazwa, na sasa alikuwa akimtazama Everlyne kwa macho mengine kabisa, kama anayehesabu alichowahi kumwambia.

"Ni kweli," Everlyne alisema. "Yote uliyosema ni kweli. Nilikosea."

"Ni mimba ameitoa?"

"Hapana." Jibu lilimponyoka, akalijutia papo hapo. Hata hilo halikuwa lake. "Usiniulize tena. Akitaka ujue atakwambia."

"Mimi ni baba yake!"

"Najua."

"Basi kaa na siri zako." Gibson aliinua chupa ya uji iliyokwisha, akaitikisa bila sababu. "Lakini usije nazo kwangu."

Aliondoka akipita katikati ya watu, suti imekaza mgongoni. Everlyne alibaki ameegemea ukuta. Hakuna aliyemwita daktari.

Kitanda cha Wendy kilikuwa cha kwanza baada ya mlango, na mlango ulikuwa wazi.

Kwa siku mbili Ridha alikuwa akimwomba Wendy jina la mvulana. Alimweleza kwamba mvulana naye anao ugonjwa hata kama haumwi, kwamba dawa ipo na ni rahisi, kwamba asipotibiwa ataendelea kuwapa wengine, na wengine watafika hapa kwenye kitanda hiki wakiwa wamechelewa kama yeye. Wendy alikuwa amekataa kila mara. Jina likitoka, alisema, litafika Mbololo kabla ya chakula cha jioni. Jioni hiyo, baada ya babake kuondoka, alimwambia muuguzi amwitie daktari. Everlyne alipomwona Ridha anakuja, aliinuka mwenyewe, akachukua beseni, akaenda kulisuuza mahali ambapo asingesikia.

Jina halikufika Mbololo. Jumanne mvulana alikuja na sare ya shule imefichwa ndani ya begi, akakaa mwisho wa benchi na kofia usoni, akatibiwa. Alhamisi alikuja msichana kutoka Marungu, ambaye hakuwa na maumivu yoyote bado. Naye akatibiwa akaenda zake. Everlyne aliwaona wote wawili wakipita. Hakujua ni akina nani, wala hakuuliza.

Siku hiyo hiyo alimpigia Mshai. Namba aliipata kwa Wendy.

"Mshai, ni mama yake Wendy."

Kulikuwa na mtoto analia upande wa pili, na redio.

"Nimepiga kukuomba msamaha. Kile kitu nilichofanya—"

Simu ilikatwa. Alipiga tena, ikalia mpaka mwisho. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa. Aliituma ile samahani kwa ujumbe, akaufuta nusu yake kabla haujaenda, ile nusu iliyokuwa ikijieleza. Hakujibiwa.

*

Wendy aliruhusiwa siku ya kumi. Gibson alikuja na Phineas na Probox, kwa kuwa ilibidi mtu aje. Aliketi mbele. Alimsalimia bintiye, akamwuliza kama amekula, na mkewe akampita kama kiti. Everlyne alikuwa amelala hospitalini siku hizo zote kwenye leso mbili chini ya kitanda, na hakujua kama nyumbani angekuta nguo zake ndani au nje.

Kabla hawajaianza barabara ya mlimani Phineas alisimama kwenye kibanda cha fundi kujaza upepo gurudumu la nyuma. Alishuka, akaanza kubishana na fundi juu ya mashine iliyokataa kuwaka. Ndani ya gari walibaki watatu. Jua lilikuwa limepasha viti, na hakuna aliyefungua dirisha.

"Baba," Wendy alisema. "Si kidole tumbo."

Gibson hakugeuka.

Alimwambia. Alitumia maneno ya hospitali, yale yale ya Ridha, kwa sababu ndiyo aliyoweza kuyatamka mbele ya babake. Alimwambia ni ugonjwa gani na kwamba umetibiwa. Alimwambia alikuwa na mvulana na hakulazimishwa. Alimwambia kuhusu mrija uliotolewa na ule ulioshikana. Mwisho alisema, "Mama hakukwambia kwa sababu nilimkataza."

Shingo ya Gibson ilikuwa na mstari wa jasho. Nje mashine ya upepo iliwaka ikazima. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaufunga taratibu bila kuubamiza, akaanza kutembea kuelekea mlimani.

Phineas alirudi akijifuta mikono. "Mzee ameenda wapi?"

"Ametangulia," Everlyne alisema.

Walimkuta kilomita moja mbele, katikati ya jua, koti la suti begani, anatembea pembeni ya barabara kwenye vumbi. Phineas alipunguza mwendo. Gibson hakuinua kichwa. Alipunga mkono tu, nendeni.

Nyumbani nguo za Everlyne zilikuwa mahali pake. Kuku walikuwa hawajafungiwa, vyombo vya siku nne vilikuwa kwenye beseni. Alimlaza Wendy, akabadilisha bandeji kama alivyoelekezwa, hatua kwa hatua, akawasha moto. Saa zikapita. Alipika mchicha, akasonga sima, akaifunika. Kila mara alitoka mpaka mlangoni akatazama njia. Alifikiria miti mingi iliyoko njiani, na maporomoko mawili, na mtu anayetembea peke yake na habari kama ile. Alitaka kumpigia mtu amtafute, akawaza angemwambia huyo mtu nini, akairudisha simu mfukoni.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima aliposikia sauti ya jirani, mama yake Mshai, ikiita kutoka upande wa pili wa ua.

"Baba Wendy! Mbona kwa miguu? Nasikia mmerudi. Kidole tumbo kimepona?"

Everlyne alishika mlango. Gibson alikuwa amesimama kwenye lango, viatu vyeupe kwa vumbi, shati limemganda mgongoni.

"Anaendelea vizuri," alisema.

"Walisema ni kitu kibaya sana, ati mpaka alikatwa katikati—"

"Anaendelea vizuri, mama. Asante kwa kuuliza." Akalivuta lango, akalifunga.

Alipita jikoni. Alikunywa maji kwenye kata, mara mbili. Kisha akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha Wendy, akasimama hapo hapo, bega kwenye fremu, macho yake yakitazama sakafu.

"Daktari amesema urudi lini?"

"Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Gibson aliitikia kwa kichwa, kana kwamba saa tatu ni jambo linalohitaji kufikiriwa. "Nitakupeleka mimi," alisema. "Tutatoka saa kumi na mbili, tusikimbizane na barabara."

Kilio kilimtoka Wendy, cha kwanza tangu matroni amrudishe, na kwa kuwa kulia kulikiumiza kidonda alilia amelishika tumbo kwa mikono miwili, anajizuia, anashindwa. Gibson aliingia ndani, akapiga goti kando ya kitanda na suruali yake ya kanisani, akaweka mkono wake mkubwa juu ya ile miwili ili kumsaidia kushikilia.